Kazi ya Watumishi katika Nyumba za Wazee



Katika somo la mwezi huu twataka kuitazama kazi ambayo wengi wetu twaisikia ikitajwa kwa sauti ndogo. Siku hizi katika sharika nyingi yuko mzazi mwenye mwana au binti aliyekwenda kufanya kazi Ujerumani, au Uingereza, au Marekani. Mzazi huyo akiulizwa mtoto wake afanya kazi gani, hujibu, "Yuko hospitali," kisha hugeuza mazungumzo. Mara nyingi si hospitali. Ni nyumba ya wazee, na kazi yake ni kuwaosha, kuwavika, kuwalisha na kuwageuza kitandani watu walioishiwa na nguvu. Mtoto mwenyewe naye hawaambii wazazi wake habari yote, kwa kuwa aogopa kuambiwa, "Je, tuliuza ng'ombe ukasome, ili uende ukawasafishe wazee wa watu?" Basi mzazi hajui mwanawe ashindaje, na mwana hana wa kumweleza alivyochoka.

Kwa sababu hiyo naliona vema kuieleza kazi hii kama ilivyo, pasipo kuipamba wala kuidharau. Mimi mwenyewe naliifanya miaka kadha katika nyumba moja ya Ujerumani, na kwa hiyo mifano mingi nitaitoa huko. Walimu watakaolisoma somo hili pamoja na watu wao watakuta maswali mahali pawili. Na wasimame hapo, wawasikie watu wasemavyo, ndipo waendelee.

Mwanzo wa nyumba hizi

Zamani Ulaya, kama kwetu, mzee alitunzwa na jamaa zake. Asiye na jamaa alipelekwa katika nyumba ya maskini, ambamo wagonjwa na yatima na wazee waliwekwa pamoja, na mara nyingi waliowaangalia hawakufundishwa kitu. Mwaka 1836, katika mji mdogo wa Kaiserswerth kando ya mto Rhine, mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walifungua nyumba ya wagonjwa pamoja na chuo cha kuwafundisha wanawake kazi ya uuguzi. Wa kwanza kuingia alikuwa Gertrud Reichardt, binti wa daktari. Wanawake hao waliitwa madiakonisa. Hata Florence Nightingale, Mwingereza yule ambaye wauguzi wote walijua jina lake, alikwenda kujifunza huko mwaka 1851.

Diakonisa hakupewa mshahara. Alipewa chakula, nguo, fedha kidogo ya mfukoni, na ahadi kwamba akizeeka nyumba mama itamtunza mpaka kufa kwake. Mapatano haya yalikuwa na wema wake na ugumu wake. Hakuwa na haja ya kuuhofia uzee, lakini pia hakuwa na saa ya kuondoka kazini, wala hakuweza kuolewa akabaki diakonisa. Wako watu wapendao kuusifu wakati ule wakisema, "Masista wa zamani walikuwa na nafasi ya kuketi na mzee." Ndiyo, walikuwa nayo, maana waliitoa katika maisha yao yote. Baada ya vita vya pili vya dunia wasichana waliotaka kuishi hivyo walipungua sana, na mahali pao wakaingia wafanyakazi wa mkataba, wenye mshahara na siku za kupumzika na saa ya kwenda nyumbani. Hiyo ilikuwa haki. Lakini tangu hapo kila dakika ya kumtunza mzee ikawa na bei, na neno hili litatufuata katika somo lote.

Bei yenyewe yapimwa hivi. Tangu mwaka 1995 Ujerumani ina bima ya utunzaji, na wafanyakazi huikatiwa fedha katika mishahara yao. Mtu asiyejiweza huja kutazamwa na mkaguzi, akapewa daraja; na tangu mwaka 2017 madaraja ni matano. Wa daraja la kwanza ahitaji msaada kidogo tu, na wa tano hawezi karibu neno lolote peke yake. Daraja laamua fedha, na fedha yaamua hesabu ya watumishi. Mwishoni mwa mwaka 2023 watu wenye kuhitaji utunzaji katika nchi ile walikuwa milioni 5.7. Wengi wao walitunzwa nyumbani, na zaidi na jamaa zao wenyewe, jambo ambalo huku kwetu watu hawalisadiki nikiwaambia. Waliokaa katika nyumba za wazee walikuwa kama 800,000. Basi si kweli kwamba Wazungu huwatupa wazazi wao. Mara nyingi huwatunza mpaka washindwe, na ndiyo sababu mzee anapoingizwa katika nyumba hizi huwa amekwisha kudhoofika sana, na kazi ya watumishi huwa nzito.

Zamu ya asubuhi

Zamu ya asubuhi huanza saa 12 na kwisha saa 8 mchana. Kwanza mtumishi humsikiliza aliyekesha: nani hakulala, nani alianguka, nani ana homa, nani hakunywa maji tangu jana. Maneno hayo huchukua dakika kumi au kumi na tano. Kisha kila mmoja huchukua wazee wake. Katika nyumba yetu nalikuwa na wazee kumi, nao walitakiwa wawe wameketi mezani saa 2, chai ikiletwa. Fanya hesabu mwenyewe. Ukiondoa maneno ya asubuhi, kila mzee alipata dakika kumi na moja hivi, na ndani ya dakika hizo alipaswa kuamshwa, kupelekwa chooni au kubadilishwa nepi, kuoshwa, kukaguliwa ngozi, kuvikwa, kuchanwa nywele, kusafishwa meno, na kuketishwa katika kiti cha magurudumu. Mzee mwenye mwili mzito aliyepooza upande mmoja hazimtoshi hata dakika ishirini na tano. Basi hizo zilizozidi hutoka kwa mwingine.

Asiyeifanya kazi hii adhani kuosha ni kuosha tu. Mtumishi aliyefundishwa hubisha hodi mlangoni, hata kama aliye ndani hawezi kujibu. Hufunga mlango na dirisha. Huanza usoni, na sehemu za siri huziacha mwisho, kwa maji mengine na kitambaa kingine. Sehemu anayoiosha ndiyo peke yake iliyo wazi, na mwili uliosalia amefunikwa. Wakati huo huo macho yake yatafuta jambo moja zaidi kuliko yote, yaani vidonda vya kulalia. Mtu alalaye au aketiye mahali pamoja muda mrefu, damu haipiti vema penye mfupa: kwenye visigino, nyonga, na chini ya mgongo juu ya matako. Pakiwa pekundu, mtumishi hubonyeza kwa kidole. Wekundu ukitoweka kidogo chini ya kidole, bado ni salama. Usipotoweka, kidonda kimekwisha kuanza ndani ingawa ngozi haijapasuka. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo hupapasa kwa mkono kama pana joto au ugumu kuliko mahali pengine. Dawa ya kwanza ni kumwondoa mtu juu ya mahali pale. Mzee asiyeweza kujigeuza hugeuzwa mchana na usiku, na wengi hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Kidonda kikiachwa chaweza kufika mfupani, na kupona kwake ni kwa miezi mingi, kama kitapona. Wanawake wasomao haya, ambao wana mkwe au mama aliyelala nyumbani, na wayajaribu leo.

Sasa nitaeleza kosa langu. Kati ya wale kumi alikuwapo mama mmoja, mshonaji wa nguo zamani, ambaye kiharusi kilimwachia udhaifu katika mkono wa kuume. Blauzi zake zilikuwa na vifungo sita. Nikimwacha avifunge mwenyewe, vilimchukua dakika saba, na katika kifungo cha nne alianza kutoa ulimi kidogo kama mtoto anayeandika. Nikivifunga mimi, vilichukua nusu dakika. Naliona nusu dakika ni wema. Naye hakunikataza, maana wazee wa nyumba zile hujifunza upesi kwamba watumishi wana haraka, na huwaonea huruma. Nalimfunga vifungo asubuhi baada ya asubuhi kwa miezi miwili hivi. Siku moja nikawa likizo, na muuguzi mmoja wa miaka mingi akachukua wazee wangu. Niliporudi aliniita kando, akaniambia, "Nimempa blauzi yake, na hawezi tena hata kifungo kimoja. Mkono ule ulikuwa wake, wewe umeuchukua." Hakusema kwa ukali. Tulijaribu kumrudishia. Alipata vifungo viwili, vya juu, basi.

Huko chuoni hufundishwa kwamba mtumishi amsaidie mzee kufanya, asimfanyie. Neno hilo naliliandika katika daftari langu na kulijibu katika mtihani. Kulishika saa 1 na nusu asubuhi, wakati wazee sita bado hawajaamshwa na kengele za vyumba viwili zalia, ni habari nyingine.

Hapa mwalimu na asimame, awaulize watu wake: Mna wazee kumi na chini ya saa mbili. Kila mmoja angeweza kufanya jambo fulani mwenyewe kama angepewa nafasi. Mtamwacha nani ajaribu, na nani mtamfanyia? Aliyefanyiwa mtamweleza nini?

Mimi nalianza kuwapa zamu. Kila asubuhi wawili katika kumi walijivika wenyewe, na nane niliwavika. Kesho yake wawili wengine. Si jawabu zuri. Mkono unaotumiwa mara moja kwa siku tano haupati nguvu nyingi. Lakini sikuona lingine ambalo ningeweza kulifanya peke yangu, na tangu siku ile nimewachukia watu waandikao vitabu vya utunzaji kana kwamba mtumishi ana mzee mmoja tu.

Mgongo, chakula na maandishi

Kazi hii huvunja migongo. Nasema hivi kwa kuwa vijana wetu wenye nguvu hudhani kumwinua mzee wa kilo 50 si kitu kwa mtu aliyezoea kubeba magunia. Gunia halishituki, halikushiki shingo, wala halitelezi katikati ya kitanda na kiti. Kanuni ni hizi: kitanda kipandishwe mpaka usawa wa nyonga za mtumishi, mzee asiinuliwe bali asogezwe, shuka la kutelezea litumike, na asiyeweza kusimama achukuliwe kwa mashine ya kuinulia yenye kombeo la kitambaa, watumishi wakiwa wawili. Vifaa vipo. Lakini mashine iko mwisho wa ukumbi, na mwenzako yuko katika chumba kingine ameshika mtu, na kuvingoja vyote viwili kwachukua dakika nane. Basi kijana hujiambia, "Leo tu," akamwinua kwa mikono. Nimewaona waliosema "leo tu" kwa miaka mitatu, wakaacha kazi wakiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, hawawezi kuinama kufunga viatu.

Kulisha nako kwahitaji ujuzi kuliko watu wadhanivyo. Wazee wengi, hasa waliopatwa na kiharusi, koo lao halijifungi vema, na chakula huweza kuingia njia ya pumzi. Mtu aweza hata asikohoe. Siku mbili baadaye ana homa ya mapafu, na homa hiyo huwaua wengi. Kwa hiyo mzee huketishwa wima, kidevu kikielekea kifuani kidogo, kijiko kiwe kidogo, na mtumishi hungoja aone koo limepanda na kushuka kabla ya kijiko cha pili. Vinywaji vya watu wengine hutiwa unga wa kuvifanya vizito, kwa kuwa maji matupu hukimbia upesi kuliko koo liwezavyo kujifunga. Baada ya kula asilazwe mara moja. Tena mzee hasikii kiu kama kijana. Yampasa kupewa kinywaji kabla hajataka, na kila kikombe huandikwa.

Kuhusu kuandika nitasema kwa ufupi, ingawa mtumishi hufanya kwa urefu. Kila kitu huingizwa katika kompyuta: aliyekunywa, aliyegeuzwa, aliyekwenda choo, aliyekataa dawa. Watumishi husema kwamba lisiloandikwa halikufanyika. Jambo hili huwalinda wazee, maana mkaguzi akija aweza kuona kama mtu alisahauliwa. Hata hivyo nimepata kumwacha mzee aliyetaka kunieleza habari ya mumewe, ili niende kuandika kwamba mzee huyo ametunzwa vema.

Maneno na heshima

Mtu wetu akifika huko husukumwa na malezi yake kumwita kila mwanamke mzee "bibi" na kila mwanamume mzee "babu", akidhani ndiyo heshima. Huko sivyo. Katika nyumba za wazee za Ujerumani mtumishi huonywa siku za kwanza asifanye hivyo. Mzee huitwa kwa jina la ukoo, likitanguliwa na Frau au Herr, na husemeshwa kwa namna ya heshima wanayoitumia kwa mgeni. Ukimwita "bibi" mtu asiye nyanya yako, aona umemwondolea jina lake na kazi aliyoifanya miaka arobaini, umemfanya kuwa mzee tu kama wazee wengine. Jambo hili lilinisumbua moyo mwaka mzima. Nadhani sisi na wao twataka kitu kile kile kwa njia zisizofanana: sisi twamheshimu mtu kwa kumwingiza katika ukoo, wao kwa kutomgusa jina.

Wako wazee waliokataa kuguswa na mkono wangu kwa sababu ya rangi yake. Wengine akili yao ilikuwa imepotea, hawakujua wasemalo, na maneno yao naliyaacha chumbani. Wengine walijua sana. Kwa hao, mkuu wa zamu mwema husema wazi mbele ya mtumishi kwamba nyumba hii haichagui wauguzi kwa rangi. Mkuu wa zamu mwoga hubadilisha vyumba kimya kimya, na mtumishi huyaona.

Ugonjwa wa kusahau watufundisha habari nyingine ya maneno. Mwaka 1901 mwanamke mmoja jina lake Auguste Deter, mwenye miaka 51, aliingizwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Frankfurt, na daktari Alois Alzheimer akaketi naye, akamwuliza maswali na kuandika majibu yake. Mwaka 1906, akiisha kufa, Alzheimer aliutazama ubongo wake na kuwaeleza madaktari wenzake aliyoyaona. Ugonjwa ukaja kuitwa kwa jina lake. Si wote wenye kusahau wana ugonjwa ule hasa, lakini katika nyumba nyingi wenye akili zilizopotea ni zaidi ya nusu ya wakaaji. Mama wa miaka 88 asimama mlangoni jioni, koti amevaa, asema, "Mama yangu aningoja, nimechelewa." Mtumishi mchanga humwambia kweli: "Mama yako amekufa zamani." Naye hulia kama aliyeletewa habari ya msiba leo, na kesho jioni atasimama tena, na ukimwambia tena atalia tena. Mwingine humdanganya: "Mama atakuja kesho." Naomi Feil, aliyezaliwa Munich mwaka 1932 akakulia Marekani, katika nyumba ya wazee ya Cleveland ambamo wazazi wake walifanya kazi, alifundisha njia nyingine. Usimsahihishe wala usimdanganye, bali umwulize habari za mama yule: "Alikuwa akipika nini jioni?" Mara nyingi mzee huanza kusimulia, hofu humwacha, na koti huvuliwa. Njia hii yachukua dakika kumi. Kufunga mlango kwa ufunguo kwachukua sekunde tatu.

Kuhusu kufunga, sheria ya Ujerumani ni kali. Hata vyuma vya pembeni mwa kitanda, vya kumzuia mzee asitoke, huhesabiwa kuwa ni kumnyima mtu uhuru. Mzee mwenye akili timamu aweza kuvikubali mwenyewe. Asiyeweza kuamua, mwakilishi wake ndiye wa kukubali, na ruhusa ya hakimu lazima ipatikane. Naliposikia hivyo mara ya kwanza nalicheka. Baadaye nalimwona mzee aliyejaribu kupanda juu ya vyuma hivyo akaanguka kutoka juu zaidi, nikaacha kucheka.

Usiku

Zamu ya usiku huanza saa 3 na kwisha saa 12 asubuhi. Katika nyumba nyingi mtumishi mmoja huwaangalia wazee arobaini, na mahali pengine hata hamsini. Huzunguka vyumba, hugeuza wa kugeuzwa, hubadilisha nepi, hutoa dawa za maumivu kama ana cheo cha kuzitoa. Kengele mbili zikilia pamoja, huenda kwa mmoja. Kama alikwenda kwa yule aliyetaka blanketi, na yule mwingine alikuwa ameanguka chooni, hatalisahau jambo hilo, wala hakuna atakayemwambia kwamba alikosa.

Swali la pili kwa wasomao pamoja: Kosa la usiku kama huu ni la nani? La mtumishi, la mwenye nyumba, au la nchi iliyoamua bei ya utunzaji? Msijibu upesi.

Na wazee hufa, mara nyingine usiku au alfajiri. Mtumishi aliyekuwapo hufungua dirisha, ndivyo desturi ya nyumba nyingi huko. Humwita daktari athibitishe, kisha humwosha marehemu kwa utaratibu ule ule wa kumwosha aliye hai: usoni kwanza, akifunikwa. Watumishi wengi husema naye wakati huo, wakimweleza watakalofanya. Mshumaa huwekwa mlangoni au mezani pa kulia chakula. Halafu, kwa kuwa chumba kitupu hakiingizi fedha, baada ya siku chache mtu mwingine hulala katika kitanda kile, na mtumishi ambaye alimjua marehemu miaka miwili, alijua achukuavyo sukari na upande alaliao, hujifunza habari za mgeni. Hapewi siku ya kulia. Mwezi Machi 2020, Korona ilipofika, milango ilifungwa hata jamaa wasiingie, na katika nyumba nyingi watumishi ndio walioshika mikono ya waliokufa, wamevaa barakoa, wasionekane nyuso. Wengi waliifanya kazi ya miezi ile vizuri, na mwaka uliofuata wakaiacha.

Mshahara na mkataba

Kima cha chini cha mshahara wa utunzaji Ujerumani kiliwekwa mwezi Julai 2025 kuwa Euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi, na Euro 20.50 kwa muuguzi aliyehitimu. Kwa masikio yetu ni nyingi. Kodi, bima na pango la chumba hula sehemu kubwa. Mafunzo ya uuguzi ni miaka mitatu, na tangu mwaka 2020 mafunzo ya kutunza wazee yameunganishwa na yale ya hospitali. Mwanafunzi hulipwa kila mwezi. Muuguzi aliyesoma kwetu atakiwa kwa kawaida kujua Kijerumani cha daraja la B2 na kukubaliwa vyeti vyake. Mwezi Septemba 2024 serikali za Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya kupeleka wafanyakazi, na tangu hapo mawakala wamekuwa wengi kama nzige. Wazazi na wajue kwamba waajiri wenye nia njema hulipa wenyewe gharama za kumtafuta mtumishi. Tena iko mikataba yenye sharti la kurudisha fedha nyingi mtu akiondoka kabla ya miaka fulani. Asomewe sharti hilo kwa lugha aijuayo kabla ya kutia sahihi.

Kwetu nako nyumba hizi zipo, ingawa ni chache. Watu wa Dar es Salaam waijua Nunge kule Kigamboni, wa Moshi waijua Njoro, na wa Unguja wazijua Sebleni na Welezo. Watumishi wa humo hawana mashine za kuinulia, na migongo yao ni kama migongo ya wale wa Ujerumani. Anayekwenda kuwasalimu wazee kwa sabuni na sukari, na apitie pia kwa watumishi, awaulize usiku hubaki wangapi.

Nanyi mlio na watoto katika kazi hii huko ng'ambo, mwaweza kuwauliza vivyo hivyo. Msimwulize kwanza atatuma lini. Mwulizeni, "Leo mlikuwa wangapi katika zamu, na wazee wangapi?" Atashangaa mlijuaje kuuliza, na huenda akawaeleza. Ila akiwa katika zamu ya usiku msimpigie simu asubuhi. Saa 4 ya kwetu ndipo anapopata usingizi.